Mwenyekiti wa Dirishani

Jina lake halali lilikuwa kamati. Kamati ya zahanati, kama zilivyo kamati za zahanati nyingine zote, watu wanane wa kuangalia kama dawa zimefika na kama choo kimejaa. Mwenyekiti wetu hakulitaka jina hilo. Alisema kamati ni za harusi. Siku ileile aliyochaguliwa akatutangazia kwamba sisi ni bodi, na mimi, niliyekuwa muuguzi mfawidhi na kwa hiyo katibu asiye na kura, nikaagizwa niandike neno bodi juu ya kila karatasi. Nikaandika. Sikujua kwamba neno moja linaweza kumharibu mtu mzima kiasi kile.

Alikuwa amewahi kuwa diwani, muhula mmoja, kisha wananchi wakamwambia apumzike. Kupumzika hakukuweza. Alinunua televisheni, akawa anakaa mbele yake kila Bunge linapoonyeshwa, na alichookota humo hakikuwa sheria wala busara, bali maneno matupu: mwongozo, taarifa, kuhusu utaratibu, hoja imetolewa. "Kiti kimesikia," alikuwa akisema, kiti kikiwa ni yeye mwenyewe, juu ya stuli ya plastiki yenye ufa. Alikuwa wa rika la baba yangu. Nilimpa shikamoo yake kila tulipoonana, kwa adabu zote, na moyoni namcheka. Baadaye kicheko kikaniisha.

Jambo lenyewe lilikuwa wodi ya wazazi. Wananchi walikuwa wamechimba msingi na kusomba mawe, serikali ikaleta saruji, bati na kitanda cha kuzalishia. Fundi mmoja Mwislamu wa Mugumu, mtu wa maneno machache, akamaliza milango na madirisha, akavuta bomba kutoka kwenye tenki. Maji yalitoka. Nililifungua bomba lile mwenyewe nikanawa mikono, nikalifunga, nikalifungua tena kwa raha tu. Miaka yote niliyofanya kazi pale nilikuwa nazalisha watu kwenye chumba cha sindano, nyuma ya pazia, kwa maji ya ndoo ambayo mama alikuja nayo mwenyewe huku uchungu umeshamshika.

Kilichobaki ni bodi kulipokea jengo. Mwenyekiti alishikilia kwamba jengo ambalo bodi haijalipokea kwa azimio bado ni la fundi, na mwanamke atakayezalia humo atakuwa amezalia nyumbani kwa fundi. Fundi alipokuja kukabidhi ufunguo, mzee akarudisha mikono nyuma.

"Sasa mama, nimpe nani?" fundi akaniuliza.

"Nipe mimi."

"Katibu atautunza," mwenyekiti akasema. "Lakini hajaupokea."

Fundi akamtazama, akanitazama na mimi, akaweka ufunguo kwenye kiganja changu, akapanda pikipiki yake akarudi Mugumu. Nadhani njia nzima alikuwa anacheka.

Haraka yangu ilitokana na mama mmoja. Mumewe alikuwa mchimbaji mdogo. Walitoka Kahama wakifuata dhahabu, wakapanga chumba karibu na maduara, yale mashimo ambako wanaume wanashinda wamening'inia kwenye kamba. Mimba ilikuwa ya tatu. Kwenye uzazi wa pili, huko kwao, alimwaga damu mpaka akazimia, na aliponisimulia alikuwa anaangalia sakafu. Nilimwambia aende akajifungulie hospitali ya wilaya. Akasema huko hana mtu hata wa kumpelekea uji, na mumewe akiacha duara kwa wiki moja tu atakuta mtu mwingine kwenye nafasi yake.

"Nesi, mimi nitazalia kwako," akasema. "Ila nyuma ya lile pazia naogopa."

Nikamwahidi chumba kipya. Nilimwahidi kwa sababu nilidhani watu wazima wanane wanaweza kusema ndiyo kabla mimba haijafikisha miezi tisa.

Kikao cha kwanza kilikaa ofisi ya kijiji. Ajenda aliipanga mwenyekiti, na baada ya kufungua kikao ilifuata kusoma na kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita. Hakukuwa na kikao kilichopita. Nikasema hivyo. Mwenyekiti akaniambia kwamba ajenda ikishaandikwa hairukwi. Pale mjumbe mmoja, mwalimu mstaafu, akanyoosha kidole. Mwalimu huyu alikuwa na akili nzuri, na aliitumia yote kwenye mambo yasiyo na faida.

"Kuhusu utaratibu, mwenyekiti. Tutathibitishaje kitu ambacho hakipo?"

"Swali zuri," mwenyekiti akasema, akafurahi kama mtoto aliyepewa andazi. "Wajumbe wajadili."

Wakajadili. Wakaafikiana kwamba muhtasari usiokuwepo umethibitishwa bila marekebisho. Nilidhani tumepona, kumbe inafuata Yatokanayo, yaani mambo yanayotokana na kikao kile ambacho hakikufanyika, na msiamini mkipenda, mwalimu aliyapata mawili. Nilikuwa nimeacha foleni ya watoto wenye homa nje ya zahanati ili nije kusikiliza upuuzi huu, na niliandika huku nimeuma meno.

Hatimaye tukafika kwenye kulipokea jengo. Mwenyekiti akakohoa, akasema "hoja iko mezani," na mlango ukafunguliwa akaingia mjumbe wa mwisho, mwakilishi wa wanawake, akitoka shambani na jembe lake. Mwenyekiti aliruka kutoka kwenye ile stuli, akatokea mlango wa nyuma, na hatukumwona tena siku ile.

Yule mama alikuwa mama mkwe wake.

Mimi ni Mkurya, nimezaliwa Turwa, na sitaki mtu afikiri naicheka mila hii. Mwanamume hakai chini ya paa moja na mama mzaa mkewe. Hamtazami usoni, hali mbele yake, na wakikaribia kukutana njiani mmoja wao anaingia majanini mpaka mwenzake apite. Ni heshima, na naijua tangu nikiwa mdogo. Ninachokicheka ni watu wa kijiji chetu. Mwenyekiti alichaguliwa na wazee, mama mkwe alichaguliwa na wanawake, mkutano mmoja, siku moja, kila mtu akinyoosha mkono na kupiga makofi. Mkutano ule ulifanyika uwanjani, yeye akiwa upande wa wanaume na mkwewe upande wa wanawake. Kwa kuwa uwanjani hakuna paa, umati wote ule haukuwa na hata mtu mmoja aliyekumbuka kwamba vikao hufanyika ndani.

Na hapo ndipo akidi ilipotunyonga. Katika wajumbe wanane, akidi ni watano. Wajumbe watatu walikuwa hawaonekani kabisa, mmoja yuko na ng'ombe, wawili wako kwenye maduara. Tuliobaki, ukinitoa mimi nisiyehesabiwa, ni watano kamili, mwenyekiti na mama mkwe wakiwemo. Akiingia mama, mwenyekiti anatoka, wanabaki wanne. Mama akikaa nje, mwenyekiti anabaki, ni wanne vilevile. Mtoto wa darasa la pili angeona kwamba bodi hii haitakaa kihalali mpaka mmoja wao afe.

Nilimwendea mwenyekiti nikamwomba tukae nje, mahali pa wazi, dakika chache tu, waseme ndiyo tumalize. Akanitazama kwa huruma.

"Mwanangu, bodi haikai chini ya mti. Chini ya mti ni mkutano wa hadhara. Azimio la mtini linatenguliwa."

"Basi kaimisha kiti, mzee wangu."

"Kiti hakikaimishwi kwa sababu za kifamilia."

Nikamwendea mama mkwe, nikamkuta anapura ulezi. Huyu alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, asiyependa maneno mengi, na wanawake walimchagua kwa sababu hiyo. Nilimuuliza kama angeweza kuwaachia wenzake kikao kimoja tu.

"Nikikaa nyumbani, wako wangapi?" akaniuliza.

"Wanne."

"Basi umekuja kuniomba nini?" Akaendelea kupura. "Na kama ukwe unamsumbua, aache kiti. Mimi sikumtuma aje kumposa binti yangu."

Kikao cha pili kilikuwa darasani, shule ya msingi. Kilichukua asubuhi nzima kujadili kama mjumbe aliyekaa barazani amehudhuria. Mama alikataa kukaa barazani. Alisema hakuchaguliwa ili akae nje kama mbwa, na alikuwa na haki. Kikaahirishwa.

Huku yule mama wa Kahama anakuja kliniki, tumbo limeshuka, miguu imevimba. Napima presha, nasikiliza mapigo ya mtoto, naye ananiuliza kila mara swali lilelile.

"Nesi, wamesemaje?"

"Wanathibitisha muhtasari."

"Ni ugonjwa?"

Nikamwambia ndiyo, ni ugonjwa. Sikuwa natania. Mchana ule nilitoa ufunguo mfukoni nikaenda mpaka kwenye mlango wa wodi mpya, nikasimama. Nilitaka kuufungua tu, nihamishe vifaa, liwalo na liwe. Lakini mwenyekiti alikuwa ameshaniambia mbele ya wajumbe kwamba mtumishi atakayelitumia jengo kabla ya azimio ataandikiwa barua wilayani, na nina watoto wanaosoma kwa mshahara huu. Nikarudi kwenye pazia langu. Nilijichukia, na wao niliwachukia zaidi.

Wazo la dirisha lilitoka kwa mwalimu mstaafu. Alisema mila inakataza paa, haikatazi dirisha. Mwenyekiti akikaa nje, kiti chake kikiwa kimegusa ukuta na sauti yake ikiingia ndani, kiti kipo kikaoni ingawa mwenye kiti yuko uani. Mzee alilipenda wazo hilo kupita kiasi. Akazunguka kijiji kizima kutafuta dirisha linalofaa. La ofisi ya kijiji lilikuwa juu mno, ya darasani yalikuwa na nondo. Mnajua alilichagua lipi. Akanitumia ujumbe kwamba kikao cha tatu kitakaa ndani ya wodi mpya ya wazazi, kwa kuwa ina madirisha mapana.

"Jengo si halijapokelewa?" nikamuuliza kwenye simu.

"Kwa kuzalia, halijapokelewa. Kwa kikao, linakaguliwa."

Kwa hiyo nilifungua mlango ule kwa mara ya kwanza ili waingie wanaume na mabenchi. Waliingia na viatu vya tope kwenye sakafu niliyoipiga deki asubuhi ileile. Kijana mmoja mjumbe, mwakilishi wa vijana, akavua koti lake akalitundika kwenye kitanda cha kuzalishia, ambacho bado kilikuwa na nailoni yake. Mama mkwe akakaa mwisho kabisa, ukuta wa mbali. Nje, chini ya dirisha, mwenyekiti aliketi na mwavuli, mgongo ametupa sisi ili asimwone mkwewe, akaanza kuendesha kikao akiwa anawatazama kuku.

"Kiti kinawatambua wajumbe wote," akawaambia kuku.

Wakathibitisha muhtasari. Ikaja Yatokanayo. Mwalimu akauliza kama mwenyekiti asiyeona mikono anaweza kuhesabu kura, na mwenyekiti akaamua kwamba watapiga kura kwa sauti. Mwalimu akauliza tena: kura zikifungana, kura ya turufu itapitia dirishani? Hili nalo likahitaji mwongozo. Niliyaandika yote. Nilikuwa nasikia maji yakidondoka kwenye bomba la ukutani, tone moja moja.

Tulikuwa hatujafika kwenye jengo nilipoitwa zahanati. Pikipiki ilikuwa imemleta yule mama wa Kahama na jirani yake. Uchungu ulikuwa umemshika kwelikweli na chupa imeshapasuka. Kitanda changu nyuma ya pazia kilikuwa na mtu: mchimbaji aliyeangukiwa na jiwe mguuni, damu kila mahali, msaidizi wangu anamshona. Nilisimama katikati ya chumba kile nikaona mwisho wa hadithi ya uzazi wake wa pili unakuja kumaliziwa mikononi mwangu. Nikamshika mama mkono, tukavuka ua, tukaingia wodini moja kwa moja.

"Wazee wangu, naomba mtoke," nikasema. "Huyu anazaa."

Wakageuka. Yule mama alikuwa ameshika mlango kwa mikono miwili, amefumba macho, anapumua kwa mdomo. Nitasema nilichokiona, na Mungu ni shahidi wangu: mwalimu mstaafu alinyoosha kidole.

"Kuhusu utaratibu, mwenyekiti. Katibu hana kura. Anaweza kuahirisha kikao?"

Sauti ikatoka dirishani. "Hawezi. Kikao kinaahirishwa kwa hoja ya mjumbe. Nani anatoa hoja?"

"Mzee, anazaa!" nikapiga kelele.

"Kiti kimesikia. Nani anatoa hoja?"

Yule kijana mwenye koti akasema anatoa hoja. Mwenyekiti akauliza nani anaiunga mkono. Mwalimu akasema yeye angeiunga mkono kama ingeeleza kikao kinaahirishwa mpaka lini, maana hoja isiyo na tarehe ni kuvunja kikao, si kuahirisha. Mwanamke alikuwa ameshuka magotini. Nilikuwa sina hasira tena. Nilikuwa na kitu kingine kibaya kuliko hasira, nilitaka kumpiga mzee wa watu kwa benchi.

Mama mkwe akasimama. Hakunyoosha kidole, hakuomba nafasi. Akapita katikati ya mabenchi mpaka kwenye dirisha, akashika kizingiti kwa mikono yake yote miwili, akatoa kichwa nje, juu kabisa ya kichwa cha mkwewe, akasema kwa sauti ya kawaida:

"Habari za mchana, baba."

Sikuona alivyoondoka. Niliona mwavuli unabingirika, stuli imelala, na mahindi ya jirani yanatikisika kwa mstari mmoja mpaka mbali. Mama akarudisha kichwa ndani, akamgeukia mwalimu.

"Hesabu," akamwambia. "Tumebaki wangapi?"

Mwalimu akahesabu, tena kwa kidole. Midomo yake ikatikisika. "Akidi imevunjika," akasema, kwa huzuni ya kweli, akaanza kukusanya karatasi zake. Wakatoka mmoja mmoja. Kijana alikuwa wa mwisho.

"Mura, koti lako," mama akamwambia, kama tunavyowaita vijana wa kiume kwetu. "Toa kwenye kitanda cha watu."

Mtoto alizaliwa mapema kuliko nilivyotegemea, msichana, akalia vizuri. Kisha damu ikaanza, kama mama yake alivyokuwa ameniambia itaanza. Nilimchoma sindano, nikakanda tumbo, nikaita maji na maji yalikuwa pale, mkono mmoja tu kutoka kwangu, safi, hayaishi. Mama mkwe alishika taa ya simu na hakuuliza swali hata moja. Damu ilipopungua nilikaa sakafuni nikalia, na sioni aibu kusema hivyo. Nyuma ya lile pazia, na ndoo moja, ningempoteza.

Msifikiri jambo lile lilikuwa bure kwa mama mkwe. Kumtolea mkwe kichwa vile ni aibu, na aibu ilikuwa ya wote wawili. Binti yake alinuna, ukoo ukakaa, wakazungumza, na kwa muda mrefu yule mama alikuwa akienda mtoni kwa njia ya mzunguko ili asipite karibu na nyumba ya binti yake. Nilipomshukuru alisema tu kwamba dirisha lilikuwa karibu.

Bodi ilikutana tena baada ya siku chache, na kwa mara ya kwanza walikuja wote wanane, hata yule wa ng'ombe. Mama mkwe aliingia, mwenyekiti akatoka, na bado walitosha. Ajenda ilikuwa mimi: katibu kulitumia jengo bila azimio. Walinijadili mpaka saa za mchana, mwalimu akagundua kwamba kunionya kwa kulitumia jengo ni kukiri kwamba jengo ni letu, na kama ni letu basi tumeshalipokea. Walitazamana. Hivyo ndivyo wodi ya wazazi ilivyopokelewa, kwa bahati mbaya, ndani ya onyo langu. Nilikuwa nimeshazalisha wengine wawili humo bila kuwaambia.

Siku ya uzinduzi alikuja mgeni rasmi kutoka Mugumu. Palikuwa na maturubai, utepe, spika zinazopiga mluzi. Mwenyekiti alivaa suti. Alisimama akaeleza jinsi bodi yake, kwa uamuzi wa haraka na kwa kufuata taratibu zote, ilivyowaletea akina mama ukombozi. Niliangalia chini ili nisionekane uso. Kisha akatangaza kwamba mtoto wa kwanza kuzaliwa humo yupo hapa, na kwamba mama yake ataishukuru bodi kwa niaba ya wanawake wote.

Yule mama wa Kahama hakuwa ameambiwa kitu. Alisukumwa mbele na mtoto mgongoni, akapewa kipaza sauti, akakishika kama anayeogopa kitamuunguza. Aliwaamkia wazee shikamoo. Akawatazama wajumbe mmoja mmoja kwenye viti vyao vya mbele, mwalimu, yule kijana, mzee mwenyewe.

"Naishukuru bodi," akasema, "kwa kutoka nje."

Wanawake waliokuwa nyuma walipiga vigelegele mpaka mgeni rasmi akageuka kuuliza kuna nini. Mwenyekiti, aliyekuwa ameanza kupiga makofi tangu aliposikia neno naishukuru, aliendelea kupiga.